Kuchagua neno la Kiingereza la madhara: hurt, harm, injure, wound, damage na jamaa zao

Mtu akiniletea malalamiko aliyoyaandika kwa Kiswahili, akitaka yaende kwa Kiingereza, kitu cha kwanza ninachokitafuta kwenye karatasi ni kitenzi kinachosema amefanywa nini. Tarehe, majina na mpangilio wa matukio havinisumbui. Kitenzi hicho kikikosewa, daktari anaelewa lake, wakili lake, na mtu wa bima anapata mwanya wa kukataa kulipa. Ninatafsiri maelezo ya watu, na naamini kwa dhati kwamba aliyeumia anastahili neno lenye uzito uleule wa kilichompata, bila kupunguza wala kuongeza.

Kiingereza kina msamiati mwingi hapa kwa sababu kiliokota huku na huku. “Harm” na “wound” ni ya Kiingereza cha kale. “Hurt”, “damage” na “maim” yalipitia Kifaransa, na “injure” shina lake ni Kilatini. Mapya yalipoingia, ya zamani hayakufukuzwa, bali kila moja lilipewa shamba lake. Ndiyo maana swali la “kuumiza kwa Kiingereza ni nini?” halina jibu moja. Anza na maswali mengine. Kilichoguswa ni nini: mtu kwa ujumla wake, kiungo kimoja, kitu, moyo, au maslahi yake? Ilitokea kwa ajali au kwa mkono wa mtu? Na je, kitarudi kama kilivyokuwa?

“Hurt” na “harm”: tofauti ya kushika kwanza

Ukielewa jozi hii, nusu ya kazi imekwisha. “Hurt” ni maumivu yanayosikika. “Harm” ni hali ya mtu kubaki pabaya kuliko alivyokuwa, awe anasikia au hasikii. Sindano ya chanjo “hurts” lakini haimfanyi mtoto “harm” yoyote. Sigara haiumi hata kidogo wakati inavutwa, lakini “it harms your lungs”. Daktari wa meno anaweza kukuambia “this may hurt a little”, ukatulia kitini. Akikuambia “this may harm you”, inuka uondoke.

“Hurt” hubeba mwili na moyo kwa pamoja. “He was hurt” inaweza kumaanisha alianguka, inaweza pia kumaanisha alisemwa vibaya. Kwa hiyo katika maandishi rasmi usiiache peke yake. Ongeza pahali: “he hurt his knee”, “her words hurt me”. Haibadiliki katika wakati uliopita, na “hurted” haipo. Kiswahili husema kichwa kinaniuma, mtu akiwa ndiye anayetendewa. Kiingereza kinatosheka na “my head hurts”, bila kumtaja mwenye kichwa mara ya pili.

Ukiwa mbele ya daktari, “it hurts” haimsaidii sana. Maumivu ya chinichini yasiyokatika, kama ya mgongo au jino, ni “ache”. Panapouma ukipagusa au ukipatumia, kama koo au misuli iliyochoka, ni “sore”. Panapowasha kama pamemwagiwa chumvi ni “sting”. Panapodunda kufuata mapigo ya moyo ni “throb”. Kwa ninaowatafsiria huwa nauliza: kinauma vipi? Majibu yao kwa Kiswahili, kinachoma, kinavuta, kinagonga, ni sahihi kabisa, na ni kosa la mfasiri kuyamwaga yote ndani ya “pain”.

“Harm” lenyewe hupenda kukaa bila wingi. Sema “a lot of harm”, usiseme “many harms”, ingawa wanafalsafa na waandishi wa sera siku hizi huandika “harms” wakihesabu aina za madhara, hasa ya mtandaoni. John Stuart Mill alipoandika “On Liberty” mwaka 1859, alisema jamii inaweza kumlazimisha mtu kinyume cha hiari yake kwa sababu moja tu, kuzuia “harm” kwa wengine. Hebu weka “hurt” hapo. Mara moja kila aliyekasirishwa na maneno ya jirani angedai jirani anyamazishwe. Mill alihitaji neno la maslahi kuguswa, si la moyo kuchukia, na ubishi wa kisheria na kisiasa juu ya hoja yake hadi leo ni ubishi kuhusu mipaka ya neno hilo.

Neno hili pia limejaa misemo ambayo haitafsiriki kipandekipande. “He means no harm” ni kwamba hana nia mbaya. “There’s no harm in asking” ni kuuliza si ujinga. “No harm done” ni ya kumwondolea mtu wasiwasi baada ya kukukanyaga. Katika afya, “harm reduction” ni mkakati wa kupunguza madhara bila kusubiri mtu aache kabisa, mfano kuwapa wanaojidunga dawa za kulevya sindano safi. “Self-harm” ni kujidhuru kwa makusudi. Neno hilo liandike kwa utulivu, bila kulipamba na bila kuongeza maelezo ambayo mwenyewe hakuyatoa.

“Injure” na “wound”: majeruhi wa aina mbili

Kiswahili kina neno majeruhi, na linamtosha aliyegongwa na gari na aliyepigwa risasi. Kiingereza kinawatenganisha. Wa gari, wa mashine, wa kuanguka ngazini na wa mpirani ni “injured”. Wa risasi, kisu au bomu ni “wounded”. Ndiyo maana habari za vita husema “the wounded” na habari za barabarani husema “the injured”. Ukiandika kwamba abiria 9 walikuwa “wounded” basi lilipopinduka, msomaji atajiuliza ni nani aliyewashambulia.

Hospitalini “wound” ina maana nyingine ya kawaida kabisa: mahali ngozi ilipofunguka, hata kama aliyeifungua ni daktari wa upasuaji. “Keep the wound dry” halimlaumu mtu. Na litamke kwa u ndefu. Ukilitamka kwa “au”, unasema wakati uliopita wa “wind”, kukunja au kuzungusha.

Sheria ya Uingereza na Wales imelibana neno hili kuliko kamusi. Sheria ya mwaka 1861 ya makosa dhidi ya mwili wa mtu, ambayo bado inatumika, inataja “wound” na “grievous bodily harm” kando kando katika vifungu vya 18 na 20. Mahakama zimefafanua kuwa “wound” ni lazima tabaka zote za ngozi zikatike. Katika kesi moja maarufu kijana alipigwa karibu na jicho na kidonge cha bunduki ya upepo. Mishipa ya damu ilipasuka ndani ya jicho, lakini ngozi haikukatika, na mahakama ikasema hiyo si “wound”. Mfupa unaweza kuvunjika vipande viwili bila kuwepo “wound”, na mkato mdogo uliopenya tabaka zote za ngozi ukaitwa “wound”. Ukali wa tukio hupimwa na maneno mengine. “Grievous” kwa mahakama hizo ni madhara makubwa kwelikweli, wakati kifungu cha 47 kinahusu “actual bodily harm”, iliyo ngazi ya chini yake. Mwaka 1997 jopo la juu kabisa la majaji wa huko, likisikiliza kesi za watu waliosumbua wengine kwa simu, likakubali kwamba “bodily harm” inaweza kuwa ugonjwa wa akili unaotambuliwa na madaktari. Hofu au huzuni peke yake haitoshi.

Kwa hiyo ukitafsiri maelezo yatakayofika polisi au mahakamani, usipachike “wound” kwa kuwa linasikika zito. Eleza kilichotokea kwa ngozi, mfupa na damu, uwaachie wanasheria kazi ya kukipa jina.

“Injure” nalo lina siri ninayoipenda. Kilatini chake, “iniuria”, ni kitu kilicho kinyume cha haki. Maana hiyo haijafa. “The injured party” katika mkataba ni upande uliokosewa, hata kama hakuna aliyekwaruzwa, na “injured pride” ni heshima iliyoguswa. Mtu anayesema kwa Kiswahili kwamba amedhulumiwa yuko karibu na mzizi wa “injury” kuliko anavyodhani. Lakini usimwandikie “I was injured” kwa sababu hiyo, kwani msomaji wa leo atatafuta bandeji. Mwandikie “I was wronged”, au vizuri zaidi, taja haki iliyochukuliwa.

“Damage”: vitu, na vipande vya mtu

Nyumba, gari, simu, mazao, barabara: hivi vyote hupata “damage”. Mtu kwa ujumla wake hapati. “The driver was damaged” ni sentensi inayomgeuza dereva kuwa sehemu ya gari. Hata hivyo kiungo kimoja kimoja cha mwili kinakubali neno hili kinapopoteza utendaji: “brain damage”, “nerve damage”, “liver damage”. Kanuni ninayoitumia ni kuangalia thamani au kazi. Kitu kilichopungua thamani au kazi yake ni “damaged”, iwe ni ukuta, ini, sifa ya mtu au uhusiano wa marafiki. Ukimwita mtu mwenyewe “damaged”, unasema ameharibika kiakili au kitabia kwa yaliyompata, na ni maneno ya kikatili. Usiyatumie kumwelezea mtu aliyekutegemea uandike kwa niaba yake.

Halafu kuna s ya mwisho, inayogharimu fedha. “Damage” ni uharibifu, na haina wingi. “Damages” ni fidia ambayo mahakama humwamuru mkosaji alipe. “The storm caused damages” ni kosa. “She was awarded damages” ni sawa. Mzizi wa Kilatini ni “damnum”, hasara, na mtu akishaujua haoni ajabu kwamba uharibifu na malipo yake vimetokana na tumbo moja. Pale ambapo Kiswahili kinasema hasara ya biashara, Kiingereza kinataka “loss”. Duka lililofungwa mwezi mzima limepata “loss of income”, na “damage” ibaki kwa mlango uliovunjwa.

Maneno ya kupita haraka, na moja la kusimamia

“Impair” ni kupunguza uwezo: kuona, kusikia, kukumbuka, kuendesha. “Mar” ni kutia doa kitu kizuri, kama sherehe au sura. “Spoil” ni chakula kuharibika, mtoto kudekezwa au hadithi kutobolewa mwisho wake. “Ruin” na “destroy” yatumie pale tu ambapo hakuna cha kuokoa. “Bruise” ni kuvilia damu chini ya ngozi, “graze” ni kuchubuka, “sprain” ni kuteguka kwa maungio, na “strain” ni msuli kuvutika kupita kiasi. “Undermine” ni kudhoofisha kutoka chini, polepole, bila kuonekana, na linafaa sana kwa mamlaka na kujiamini kwa mtu.

La kusimamia ni “maim”, kumtia mtu kilema cha kudumu. Lina pacha aliyepotea njia, “mayhem”, ambalo leo ni vurugu tu, lakini katika sheria ya kale ya Uingereza lilikuwa kosa la kumnyang’anya mtu kiungo cha kumsaidia kupigana. Mkono, jicho na hata jino la mbele viliingia. Sikio na pua havikuingia, kwa hoja kwamba kuvipoteza humharibu mtu sura bila kumpunguzia nguvu. Kisha mwishoni mwa mwaka 1670 mbunge Sir John Coventry alivamiwa na kupasuliwa pua, na bunge likatunga sheria maalumu ya kuziba pengo hilo. Kabla ya hapo mwili wa mtu ulikuwa umepimwa kwa faida yake vitani, na yote hayo yalikuwa ndani ya neno moja.

Ukali: kivumishi kinaweza kuua

Hapa ndipo ninapoomba umakini wa hali ya juu. “Seriously injured” ni kuumia vibaya. “Critically injured” ni yuko mahututi. “Fatally injured” ni amekufa. Nimesoma tafsiri iliyowaweka watu hai katika kundi la “fatally”, na ndugu wangeweza kuisoma. Kwa vitu, “severe” na “extensive” huandamana vizuri na “damage”. “Minor” ni salama kwa “injury” ndogo, lakini usimwekee mtu “minor” kama hajapimwa, maana litamfuata kwenye kila fomu. “Irreparable harm” ni msamiati wa mahakama kwa madhara ambayo fedha haiwezi kuyatibu, na huombwa wakati mtu anataka zuio la haraka. Katika maandishi ya kawaida liache.

Athari ni neno jingine la kutazama. Waandishi wetu husema wananchi wameathirika, wakimaanisha wamepoteza makazi. Ukigeuza ikawa “residents were affected”, Kiingereza kinasikia mguso tu, pengine kelele za ujenzi. Sema “lost their homes”. Lakini madhara ya dawa, yale madogo yanayotarajiwa, ni “side effects”, na ukiyaita “harms” utamtisha mgonjwa bure. Jambo baya linalompata mgonjwa katika kipindi cha matibabu, liwe limesababishwa na dawa au la, wataalamu huliita “adverse event”.

Nani alifanya

Vitenzi vinavyoandamana na maneno haya vinagawa lawama. “Do harm” na “cause damage” ni vya kawaida. “Inflict” kina mtu nyuma yake, na mara nyingi ukali: “he inflicted injuries on her”. “Sustain” na “suffer” vinamtazama aliyepata na kumficha aliyetenda: “she sustained injuries”. Ripoti za mamlaka hupenda “sustained”, kana kwamba majeraha yalimwangukia mtu kutoka juu. Kama mlalamikaji anajua ni nani na amemtaja, mtaje. “The guard hit me” inasema zaidi ya “I sustained injuries during the incident”, na ni kweli zaidi.

Vivumishi vifuate shamba lilelile. “Harmful” ni kinachodhuru: moshi, tabia, sheria. “Hurtful” ni maneno na matendo yanayochoma moyo, kwa hiyo kemikali haiwezi kuwa “hurtful”. “Damaging” hupendwa na sifa na ushahidi. “Detrimental” ni ya barua rasmi. “Noxious” ni mvuke na harufu zenye sumu. “Toxic” lilianzia kwenye sumu ya mishale huko Ugiriki ya kale, likaenda maabara, kisha likahamia kwenye mahusiano na ofisi, hata kamusi za Oxford zikalichagua kuwa neno la mwaka 2018. Limetumika mno, nami nalibakiza kwa sumu halisi kila ninapoweza. Mawili ya kuyahifadhi ni “insidious”, linalotokana na neno la Kilatini la kuvizia, kwa madhara yanayonyemelea kama baadhi ya magonjwa, na “pernicious”, kwa yale yanayoangamiza, hasa mafundisho na imani potofu.

Kuna matatu ya kuogopa. “Molest” zamani lilikuwa kusumbua, lakini leo msomaji anaelewa unyanyasaji wa kingono, basi usilitumie kwa mtu aliyepigiwa kelele barabarani. “Assault” katika sheria ya Uingereza inaweza kukamilika bila kuguswa, kwa kumtia mtu hofu ya kupigwa papo hapo, huku kupiga kwenyewe kukiitwa “battery”. “Abuse” ni pana mno: matusi, vipigo, matumizi mabaya ya dawa, ya madaraka, ya mtoto. Ukiliandika, lifuatishe na aina yake.

Chukua mfano huu: “Mashine ilinishika mkono wa kulia, kidole kikakatika, mpaka leo siwezi kushika kalamu, na maneno ya msimamizi baadaye yaliniumiza sana.” Kwenye fomu, mahali pa “nature of injury”, andika “loss of one finger, right hand”. Katika maelezo andika “The machine caught my right hand and I lost a finger. I have not been able to hold a pen since. What my supervisor said afterwards hurt me deeply.” Hakuna “damaged”, hakuna “wounded”, na “impaired” sijaiweka kwa kuwa kalamu inasema wazi zaidi. Kama alisema kulia au kushoto, liandike. Kama hakusema, muulize. Kisha msomee tafsiri yako kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na pale anaposita, rudi kwenye kitenzi.